Toka Mbele Yangu, Mtoto

Nyumba ile ilikuwa na milango minne, na kila mlango ulikuwa na sauti yake. Wa mbele ulikoroma. Wa jikoni ulilia kama kifaranga. Wa chumbani kwa Fundi na mumewe uligonga mara mbili kabla ya kufunga. Wa Bibi haukulia kabisa, kwa sababu Bibi alikuwa akiupaka mafuta mwenyewe. Fundi alizijua sauti hizo zote. Kutwa nzima alikaa chumba cha mbele akishona, na macho yake yalipokuwa kwenye sindano, masikio yake ndiyo yaliyoilinda nyumba.

Alikuwa ameolewa humo miaka ishirini na mitatu iliyopita, hajui kushona hata kifungo. Mama mkwe wake, huyo Bibi, ndiye aliyemkalisha kwenye cherehani. Cherehani yenyewe ilikuwa ya Bibi. Siku ya kwanza ya kukata kola, Bibi alimshikia kitambaa. Fundi akafumba macho kwa woga, na mkasi ukapita kwenye dole gumba la mama mkwe. Kovu lilibaki, limelikata dole kutoka upande mmoja hadi wa pili. Bibi hakumgombeza. Alijifunga kitambaa akasema, "Basi. Umeshamwaga damu, sasa utakuwa fundi."

Mume wa Fundi alikuwa kinyozi, hodari wa mkasi na tajiri wa maneno. Mfukoni mwake hakukosa kichupa cha supaglu. Kwa Kinyozi, dunia ilikuwa na vitu vya aina mbili: vilivyovunjika, na vilivyokwisha kupakwa supaglu. Alishagandisha sahani, soli za viatu na mguu wa redio. Mara moja aligandisha kidole chake kwenye meza, ikabidi aletewe chakula pale pale.

Walikuwa watu watatu tu. Binti yao wa pekee alikuwa chuoni, mji mwingine. Hakukuwa na mtoto mdogo ndani ya nyumba ile, na hili, msomaji, ulikumbuke.

Mambo yalianza kidogo kidogo. Asubuhi moja Fundi alisikia kikombe kikipasuka jikoni. Alipofika hakukuta mtu. Vipande vilikuwa chini, chai bado inatoa mvuke. Alirudi kumwuliza Bibi, akamkuta chumbani kwake ameketi kitandani, mikono mapajani.

"Mama, umesikia kitu?"

"Nimesikia," Bibi alijibu.

Siku chache baadaye bomba la jikoni likajifungua lenyewe. Maji yalipita koridoni yakaingia chumba cha mbele na kulowesha kitambaa cheupe cha makoti. Kisha kigoda kikahama mahali pake. Kisha picha ya marehemu baba mkwe ikakutwa sakafuni, uso chini. Kinyozi alisema ni panya. Fundi akamwuliza ni panya gani anayefungua bomba, na Kinyozi akachukua mkasi wake akaenda kazini.

Halafu zikaja nyuzi.

Fundi alikuwa anatafuta chumvi. Alipoinua kopo, aliona uzi mwekundu umezungushwa shingoni mwa kopo na kufungwa fundo moja. Kopo la sukari nalo lilikuwa na uzi mwekundu. Hilo lilikuwa na mafundo mawili. Chupa ya mafuta ya taa ilikuwa na mafundo matatu, yamekazwa sana. Alitazama mlango wa jikoni, wa kutokea nyuma. Kwenye kitasa palikuwa na uzi pia.

Ulikuwa uzi wake mwenyewe, kutoka kikapu chake cha kushonea. Nani aliyeingia akachukua uzi wake? Na kwa nini moja, mawili, matatu? Nyuzi zilizofungwa kwa siri na kuhesabiwa zilimtia hofu kuliko kikombe na bomba.

Hakumwambia mtu. Alichukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akazikata nyuzi zote, akazitupa nje mbali na nyumba. Kisha akanawa mikono mara mbili.

Alidhani ameyamaliza. Kumbe ndiyo kwanza ameyachokoza.

Kesho yake chai ilikuwa na chumvi. Kinyozi alikunywa funda moja akakimbilia nje. Bibi ndiye aliyepika chai, kama alivyoipika kila asubuhi tangu Kinyozi akiwa mtoto. "Mkono umeteleza," Bibi alisema taratibu. Siku ya tatu palitokea jambo lisilo la kucheka. Fundi aliingia jikoni akakuta jiko limewashwa, moto unawaka, na pembeni yake kikaango kimejaa mafuta ya taa. Si mafuta ya kupikia. Ya taa. Kama kikaango hicho kingewekwa motoni, nyumba ingewaka na wao ndani.

Bibi alikuwa amesimama ukutani, amejiziba pua kwa ncha ya kanga.

"Nimesikia harufu," alisema. "Nikakitua."

"Nani aliyeyamimina, mama?"

Bibi alitazama mahali ambapo Fundi hakuwepo, kidogo upande wa kushoto.

Jioni ile Kinyozi hakutania. "Nyumba hii imetuchoka," alisema. "Mwisho wa mwezi tunahama. Nimeshaona vyumba kule juu, ghorofa ya tatu."

"Na mama?" Fundi aliuliza.

"Twende naye. Au akae kwa kaka yangu kwanza, mpaka tutulie."

Kijiko kilimponyoka Bibi. Kililia sakafuni, na Bibi hakuinama kukiokota. Fundi aliona midomo yake inatetemeka, akadhani ni hasira. Nyumba ile ilijengwa na marehemu mumewe, tofali kwa tofali. Fundi mwenyewe hakutaka kuhama. Wateja wake walimjua pale, kwenye mlango ule unaokoroma. Lakini alikuwa na hofu, na mwenye hofu hana hoja.

Kesho yake mchana alikuwa peke yake chumba cha mbele. Nyumba ilikuwa kimya. Mara akasikia sauti koridoni. Ilikuwa sauti ya Bibi, ya chini, ya mtu anayezungumza na mwenzake.

"Nane. Tisa. Kumi." Hatua zikasimama. "Toka mbele yangu, mtoto. Nipite."

Fundi aliacha kushona. Alinyanyuka akachungulia. Bibi alikuwa peke yake, mkono mmoja ukutani.

"Mama, unaongea na nani?"

Bibi alishtuka. Kisha akacheka, kicheko kikavu. "Na huyu mtoto."

"Mtoto gani?"

"Humwoni? Mshukuru Mungu." Akaingia chumbani kwake, na ule mlango usiolia ukafungwa.

Fundi alirudi kwenye cherehani lakini miguu haikukubali kukanyaga. Alikumbuka kuwa zipu zimekwisha. Aliivua miwani yake, akaiweka juu ya kitambaa, akaenda dukani kwa njia aliyoijua hata bila kuona, na kusema kweli alitaka tu kutoka nje kwenye jua na watu.

Aliporudi, miwani ilikuwa sakafuni. Mkono wa kushoto ulikuwa umeng'oka, na kiskrubu kidogo kinachoushika hakikuonekana. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa ufunguo kama alivyouacha. Mlango wa Bibi ulikuwa umefungwa pia.

Hapo Fundi alilia. Bila miwani, tundu la sindano lilipotea, na hata uso wa mtu upande wa pili wa chumba ulikuwa ukungu. Makoti kumi ya wapishi wa mikate yalikuwa yakimsubiri, meupe, ya kushonwa kwa uzi mweupe.

"Lete hapa," Kinyozi alisema aliporudi kazini. Kichupa kilishatoka mfukoni. "Dakika mbili."

Alimimina supaglu kwenye bawaba, tone baada ya tone, akaubana mkono wa miwani mpaka ukashika. Kisha akaiweka miwani kwenye kasha lake na kulifunga kwa kishindo. "Usifungue mpaka asubuhi. Ikauke vizuri, isipigwe na vumbi."

Asubuhi Kinyozi alienda zake kazini. Fundi alifungua kasha. Harufu kali ilimchoma pua. Alivaa miwani, akainua uso.

Mtu mweupe alikuwa amesimama mlangoni kwa Bibi.

Hakuwa na uso. Alikuwa na kichwa cha mviringo na mwili uliofifia chini, kama mtu aliyejifunika shuka. Fundi aligeuka upesi kutazama dirisha. Mtu yule akawa dirishani. Alitazama cherehani, mtu yule akawa amekaa juu ya makoti. Fundi aliivua miwani. Mtu akatoweka, lakini na kila kitu kikazama kwenye ukungu. Aliipangusa miwani kwa kanga, akaivaa tena. Mtu alikuwa pale pale.

Na wakati huo huo, koridoni, sauti ya Bibi ikaanza.

"Kumi. Kumi na moja. Toka, mtoto we. Toka mbele yangu nipite."

Fundi alimwona mama mkwe wake anakuja, mkono ukutani. Na kati yao, amesimama katikati ya korido, alikuwa yule mweupe. Bibi anasema naye, na Fundi anamwona. Kwa hiyo ni kweli. Yupo.

Hakukumbuka kuvaa viatu. Alijikuta barabarani, miwani mkononi. Watu waliopita walikuwa vivuli tu. Aliujua mtaa kwa miguu, akaenda moja kwa moja chini ya ngazi za posta, mahali alipokaa Mama Skrubu, mtengenezaji wa saa na miwani.

Mama Skrubu alikuwa mwanamke mnene mwenye vidole vyembamba. Meza yake ilikuwa na vidroo arobaini, na ndani ya kila kidroo mlikuwa na skrubu za saa, za redio na za miwani, ndogo kama chembe za mchele uliovunjika. Kabla ya kukaa pale alifanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya miwani ya hospitali ya macho.

"Viatu umeviacha wapi?" aliuliza akitazama miguu ya Fundi. "Umefukuzwa na nani?"

Fundi aliiweka miwani mezani. "Dada, sitaki kuivaa hii tena. Ina mtu ndani."

Mama Skrubu hakucheka. Aliichukua miwani, akainusa, akakunja uso. "Supaglu. Nani kafanya uhalifu huu?"

"Mume wangu."

"Na mkaifungia kwenye kasha?"

"Ikauke."

"Haya. Njoo uone mtu wako." Alitoa kioo cha kukuzia, kikubwa kama sahani ya kikombe, akakiweka juu ya miwani. "Weka jicho hapa."

Fundi aliinama. Aliona mistari myeupe, myembamba, inayozunguka na kuzunguka. Alikuwa ameiona mistari ya namna ile kwenye vidole vyake mwenyewe.

"Ni alama ya dole gumba," alisema Mama Skrubu. "Supaglu ikikauka hutoa mvuke. Huuoni, lakini harufu umeisikia. Ukiufungia kwenye kasha, mvuke hauna pa kwenda, unaganda kwenye kioo. Na hupenda kuganda pale penye mafuta ya mwili. Mtu aliyegusa kioo kabla ya supaglu, alama ya dole lake imechorwa kwa weupe. Huwezi kuifuta kwa kanga. Na kwa kuwa bila miwani huoni karibu, usingeweza kuiona iko wapi. Ulipoivaa, ikawa mbele ya jicho lako kila unakogeuka."

Fundi aliketi chini kwenye ngazi. Alijisikia mjinga, na alijisikia mwepesi. Kisha akakumbuka jambo akarudia kioo kile cha kukuzia. Mistari ile ilikuwa imekatwa katikati. Mstari mmoja mnyoofu ulipita kutoka upande mmoja wa dole hadi wa pili.

"Kovu," alinong'ona.

"Ndiyo, mwenye dole hili ana kovu. Unamjua?"

Fundi alimjua. Kovu lile alilikata yeye.

Mama Skrubu alikuwa ameanza kazi. Aliing'oa gundi kwenye bawaba kwa ncha ya sindano, taratibu, akitoboa tundu mpaka likawa wazi. "Tazama ujifunze, wewe ni fundi mwenzangu. Kilichopotea hapa ni skrubu moja tu. Ningekuuzia kwa bei ya vifungo vinne. Na kama ungekuwa mbali na mimi, ungepitisha uzi mgumu au waya mwembamba kwenye matundu haya, ukakaza fundo, ukakata ncha isikuchome. Ungeshona siku kadhaa bila taabu. Supaglu hapana. Inaziba bawaba, mkono haukunjiki tena, na kioo kinaingia ukungu."

Alikitoa kioo kwenye fremu, akalowesha pamba kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, akakisugua. Weupe ukaanza kutoka.

"Hii naifanya kwa sababu vioo vyako ni vioo kweli, na fremu ni ya chuma. Vioo vingi siku hizi ni vya plastiki. Ukivipaka dawa hii vinaharibika moja kwa moja. Asiyejua tofauti asijaribu nyumbani, alete kwa anayejua."

Alirudisha kioo, akatia skrubu, akaikaza kwa bisibisi isiyozidi njiti ya kiberiti. Mwisho akadondosha tone la rangi ya kucha juu ya kichwa cha skrubu. "Hili linaizuia isilegee. Na usiiache tena juu ya kitambaa. Miwani ikiwa haipo usoni, iwe kwenye kasha."

Fundi aliivaa. Ngazi zikawa ngazi. Mama Skrubu akapata nyusi na kovu dogo kidevuni. Hapakuwa na mtu mweupe popote. Hata hivyo Fundi hakuinuka.

"Kuna nini tena?" aliuliza Mama Skrubu. "Aliyezoea miwani huishika kwenye mikono ya fremu. Huyu alikishika kioo katikati, kama anayepapasa kujua mbele ni wapi. Ni nani?"

"Mama mkwe wangu." Kisha Fundi akamweleza yote: kikombe, bomba, nyuzi za mafundo, chumvi, mafuta ya taa, hesabu za koridoni. "Na anaongea na mtoto, dada. Nyumba haina mtoto. Anamwambia, toka mbele yangu, mtoto, nipite."

Mama Skrubu alitua bisibisi. "Huyo mtoto ni mweupe?"

"Sijui. Sijamwona."

"Mboni ya jicho la mama mkwe wako umeitazama lini?"

Fundi alijaribu kukumbuka. Mwaka mzima alikuwa amemtazama Bibi kwa heshima, macho chini, kama mkwe anavyopaswa.

"Kaitazame," alisema Mama Skrubu kwa upole. "Mboni ikiwa nyeupe, au ya kijivu kama maji ya mchele, huyo anayeongea naye ni mtoto wa jicho. Huingia taratibu. Kwanza ukungu, halafu taa zinamwumiza macho, halafu watu wanakuwa vivuli. Miwani haimtoi. Dawa za kutia hazimtoi, za majani wala za dukani, na nyingine zinaliua jicho kabisa. Anatolewa kwa upasuaji, na upasuaji wenyewe si mkubwa. Wengi hurudi nyumbani siku ile ile."

Njiani Fundi alicheka, na machozi yanamtoka. Watu wakampisha.

Alipofika hakumwita mtu. Aliingia jikoni, akachukua uzi mwekundu. Alifunga fundo moja kwenye kopo la chumvi. Mawili kwenye sukari. Matatu kwenye mafuta ya taa. Alifunga na kitasa cha mlango wa nyuma. Kisha akasimama kando ya kabati, kimya.

Hatua zikaja. "Kumi na moja. Kumi na mbili." Bibi aliingia, akanyoosha mkono hewani, akaligusa kopo la chumvi. Vidole vikatembea mpaka shingoni, vikakuta uzi, vikakuta fundo. Bibi aliganda.

"Nani amefunga?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nani yupo humu?"

"Ni mimi, mama."

Bibi alilishika kopo kwa mikono miwili.

"Na ni mimi niliyezikata," Fundi aliendelea. "Nilidhani ni uchawi. Nisamehe. Ni mimi niliyekutilia chumvi kwenye chai, na ni mimi niliyekupa mafuta ya taa ukakaange nayo. Uzi mwekundu ulinitisha."

"Mwekundu?" Bibi alisema. "Mimi nilijua nimechukua mweupe."

Fundi alimsogelea. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtazama mama mkwe wake machoni, bila kuinamisha uso. Katikati ya kila mboni palikuwa na duara la kijivu jeupe, kama dirisha lililopakwa chokaa. La kulia lilikuwa limejaa. La kushoto lilikuwa na upenyo mdogo.

"Kwa nini hukusema, mama?"

Bibi alikaa kigodani, baada ya kukipapasa kwanza. "Mama yangu alikufa na mtoto huyu. Tulimwambia ni uzee. Alikuwa anazungumza naye hivi hivi, nasi tunacheka. Alipoingia kwangu nikasema, ndiyo zamu yangu." Alilizungusha kopo la chumvi mikononi. "Nyumba hii naijua. Kutoka mlango wangu mpaka hapa ni hatua kumi na mbili. Vitu nimevifunga mafundo. Nikasema nitaishi hivi, nisiwe mzigo kwa mtu. Kisha nikasikia tunahama, ghorofa ya tatu. Kule sijui hatua ngapi. Kule ningekufa siku ya kwanza. Ndiyo nikaivaa miwani yako. Nikasema labda itamsogeza kidogo, nionekane bado naona. Nilipotaka kuitua, meza sikuipata."

"Miwani yangu ni ya macho yangu, mama. Hata ungekuwa huna mtoto wa jicho, ingekuumiza kichwa tu."

"Kiliniuma kweli."

Walicheka wote wawili, kisha Bibi akalia. Fundi alimweleza aliyoambiwa na Mama Skrubu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wakitoboa, jicho likamwagika je?"

"Ukikaa bila kutibiwa, ndipo linapotea hakika. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama. Ulinifundisha wewe."

"Nilikufundisha mengi," alisema Bibi. "Ningejua utayatumia kwangu, ningepunguza."

Kinyozi alirudi na habari za vyumba vya ghorofani. Alikuta mkewe na mama yake wamekaa jikoni wakimimina mafuta ya taa kutoka chupa iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia, wakiyatia kwenye dumu dogo lenye mpini. "Hata mwenye macho anaweza kukosea," Fundi alisema. "Vya moto na vya chakula visifanane." Kisha akamweleza yote. Kinyozi alimwangalia mama yake kwa muda mrefu. Alikuwa akimnyoa na kumtengeneza nywele kila mwezi, na hakuona kitu. Alitoa kichupa cha supaglu mfukoni, akakitazama.

"Hiki kitabaki kwa viatu," alisema.

"Kwa viatu tu," akasema Fundi.

Hospitali ya macho ilimpima Bibi juma lile lile. Daktari alisema wataanza na jicho la kulia, lile lililoziba kabisa, na la kushoto litafuata baadaye. Alimtia Bibi dawa ya ganzi, akaitoa lenzi iliyochafuka ndani ya jicho, akaweka nyingine angavu. Bibi alisema baadaye kwamba kilichomwumiza ni baridi ya chumba. Akarudi nyumbani jioni, jicho limefunikwa. Akaagizwa asilisugue, asiinue ndoo, atie dawa yake kwa saa zake, na kesho arudi kufunguliwa.

Kesho yake Fundi alikuwa amesimama mbele ya Bibi wakati muuguzi alipobandua bandeji. Bibi alipepesa jicho. Alitazama ukuta, akatazama dirisha, kisha akamtazama Fundi, na safari hii hakutazama pembeni.

"Mwanangu," alisema. "Umezeeka."

"Nimezeeka, mama."

"Lini?"

Bibi aliinua mkono wake mwenyewe, akalitazama dole gumba, akalisogeza karibu, akaupitisha ukucha juu ya kovu. Kisha akaushika mkono wa Fundi na hakuuachia mpaka nyumbani.

Hawakuhama. Nyuzi za chumvi, sukari na kitasa Bibi alizikata mwenyewe. Ule wa mafuta ya taa aliuhamishia kwenye dumu akasema ubaki, kwa faida ya Kinyozi.

Siku moja mchana, Fundi akiwa kwenye cherehani, alisikia sauti koridoni. Ilikuwa ya chini, ya mtu anayezungumza na mwenzake. Moyo ulimruka kwa mazoea. Akachungulia. Bibi alikuwa amesimama katikati ya korido, jicho lililopona amelifunika kwa kiganja, na kwa lile la kushoto anatazama ukuta.

"Bado upo?" Bibi alikuwa anasema. "Starehe. Mwenzako keshahama, na wewe siku zako zinahesabika."

Alishusha kiganja, akamwona Fundi, akaja moja kwa moja mpaka chumba cha mbele. Hakuhesabu. Alichukua koti la juu kabisa, mojawapo ya yale yaliyoshonwa siku za hofu, akaligeuza ndani nje, akauinua mshono kwenye mwanga wa dirisha. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Aliutazama kutoka kwapani hadi pindoni.

"Umepinda," alisema, akalitua mapajani mwa Fundi. "Fumua."